Si kila udongo mgumu ni wa majivu

Ndugu mwandishi, ile aya ya makala yako ulipouweka udongo wa Shinyanga kwenye kapu moja na wa Serengeti imetuchanganya. Kwa macho maeneo hayo yanafanana: tambarare, mvua haba, miti ya kuhesabu, jembe likishuka linagonga.

Kule Serengeti, upande wa Ndutu, udongo ni majivu ya volkano za Kerimasi na Oldoinyo Lengai, yaliyoletwa na upepo. Mvua huyeyusha chokaa iliyomo na kuishusha kidogo tu, kisha jua hukausha. Miaka mingi ya hivyo imeacha tabaka gumu kama saruji karibu na uso wa ardhi. Mzizi wa mti haupenyi. Majani mafupi ndiyo yanayostawi, tena yana madini tele, ndiyo maana nyumbu huenda kuzalia pale kati ya Januari na Machi.

Sisi wa Shinyanga tuna aina za udongo ziitwazo luseni, itogolo na mbuga. Itogolo nayo ina tabaka gumu, lakini ni mfinyanzi ulioshikamana chini ya mchanga. Wasukuma wamelifanya mtaji: maji hayazami, basi wanachimba majaruba na kulima mpunga.

Volkano tulikuwa nazo, sikatai. Lakini miamba ya dhahabu ya Geita ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na majivu ya volkano hizo yalishageuka mawe kitambo. Hata Mwadui kwenye almasi ni mdomo wa volkano.

Basi mkulima wa Kishapu, huku Shinyanga, asipewe ushauri wa Karatu kwenye udongo wa majivu. Rekebisha aya ile, tafadhali.