Siku moja haitoshi Mbeya hadi Matema

Mhariri,

Likizo ya Juni imekaribia, na kila mwenye gari anazungumzia Serengeti. Mimi nawashauri wasomaji waende kusini. Ukifika Uyole, iache barabara ya Tunduma ushike ya Tukuyu. Utapita mashamba ya viazi, kisha chai na migomba, Mlima Rungwe ukiwa kushoto kwako.

Ila msirudie kosa letu la mwaka jana, la kutaka kumaliza yote kwa siku moja. Ziwa Ngosi peke yake lilitumeza asubuhi nzima. Hupandwa kwa miguu, msituni, na njia huteleza hata kiangazi. Tulipofika ukingoni, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, binti yangu akauliza, "Baba, ziwa lenyewe liko wapi?" Tukangoja karibu saa nzima, tukitafuna mahindi ya kuchoma yaliyokwisha kupoa. Upepo ukafunua pazia: maji ya kijani, chini kabisa, kimya.

Matema tukaingia usiku. Milima ya Livingstone inayoshuka hadi Ziwa Nyasa hatukuiona hadi kulipokucha, na tulipaswa kuondoka alfajiri hiyohiyo. Hasara tupu!

Tengeni siku tatu. Bebeni sweta kwa ajili ya Tukuyu na kandambili kwa ajili ya Matema, ambako joto ni la kweli. Mkiweza, Jumamosi iwakute huko: ndiyo siku ya soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo.

Msomaji wenu,
Iringa