Minova: Mgeni Analala Katikati ya Mibuni, Asubuhi Anapewa Kahawa ya Kopo

MINOVA, Kalehe – Mtu anayekuja Minova kupumzika hahitaji kuulizwa amefuata nini. Ziwa Kivu liko mbele yake, maji yasiyo na mamba, kwenye kimo cha karibu mita 1,460. Nyuma yake vilima vya Buzi vinapanda mpaka kwenye baridi ya nyanda za juu za Kalehe, na katikati ya migomba na maharagwe kuna mibuni. Jioni anakula sambaza waliokaangwa. Usiku anajifunika blanketi. Anayetoka kwenye vumbi la Goma au kelele za Bukavu analala usingizi ambao hajaupata tangu mwaka uliopita.

Asubuhi analetewa chai ya asubuhi kwenye meza: mkate, sukari, termosi ya maji moto, na kopo la unga wa kahawa uliotoka ng'ambo.

Wengi wanacheka wakielezwa hivyo, kisha wanaendelea na mambo yao. Si jambo la kucheka. Mji mzima unaishi kwa kahawa, mashamba yake yanaonekana kupitia dirisha la chumba cha mgeni, na kikombe anachopewa kimevuka mipaka miwili au mitatu kabla ya kufika hapo. Pesa anayolipa kwa kikombe hicho inarudi njia ileile. Mama aliyechuma kahawa jana kwenye kilima kile hapati hata senti yake.

Na huyo mama ni nani? Mara nyingi ni mkimbizi wa vita. Wakati mapigano yalipofika Sake mwanzoni mwa 2024, familia nyingi za Masisi zilishuka mpaka Minova, Bulenga na Kalungu. Zilipokelewa shuleni, kanisani, na zaidi ya yote nyumbani kwa watu ambao nao hawakuwa na kitu. Kisha Januari 2025 M23 ikaingia Minova yenyewe, na waliokuwa wapokezi wakawa nao wanafunga vifurushi. Mtu aliyeacha shamba lake hana la kuuza isipokuwa mikono yake. Msimu wa kahawa ukifika, mikono hiyo inachuma, inabeba, inachambua mbegu mbaya na kuziweka pembeni. Analipwa kwa siku au kwa ndoo. Wengine kati yao wana mibuni yao wenyewe kule walikotoka, inaiva na kudondoka chini, au inachumwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana kikombe cha mgeni kinawahusu. Kila hatua ya kahawa inayofanyika hapa ni kazi ya mtu wa hapa. Kila hatua inayofanyika mbali ni kazi ya mtu wa mbali. Leo Minova inachuma, inamenya, inachachusha, inaosha na kuanika. Kuchoma, kusaga, kupika na kumpa mgeni, yaani hatua zenye faida kubwa kuliko zote, mji umeziachia wengine hata kwa mgeni aliyekuja kwa miguu yake mpaka mlangoni.

Wenye nyumba za wageni wana majibu yao, na yanafaa kusikilizwa. Wanasema mgeni mwenyewe ndiye anayeuliza kopo. Wanasema hakuna mashine ya kuchomea, umeme ni wa kubahatisha, na kahawa ya hapa ikipikwa inatoka na mashapo ndani ya kikombe. Wanasema pia kwamba mkulima hauzi kahawa kavu kwa kilo mbili au tatu, anaiuza yote kwa mara moja.

Jibu la mashine ndilo dhaifu kuliko yote. Barabarani Minova, kila baada ya hatua chache, kuna mama anayekaanga karanga. Ana chungu au sufuria, ana makala, ana mwiko, na anajua kwa harufu tu wakati wa kuzitoa motoni. Kahawa haidai zaidi ya hapo: moto wa wastani, mkono usioacha kukoroga, kuitoa kabla haijawa mkaa, kuiacha ipoe. Kinu cha sombe kipo kila uwanja, ingawa kwa kahawa inafaa kutenga kingine, maana kahawa huchukua harufu ya kila kitu. Mashapo yanazuiwa na kitambaa safi. Mtu anayejua kupika bugali kwa watu ishirini hawezi kushindwa na birika moja la kahawa.

Habari ya faida, kila mmoja anaweza kuipima mwenyewe. Inahitajika karibu kilo sita au saba za matunda mekundu kupata kilo moja ya kahawa iliyochomwa. Kilo hiyo moja inatoa vikombe karibu 100. Mwenye nyumba ya wageni achukue bei ya matunda sokoni siku hiyo, azidishe kwa saba, aongeze makala na malipo ya mama mchomaji, kisha agawanye kwa 100. Alinganishe na bei anayomtoza mgeni kwa kijiko kimoja cha unga. Akimaliza hesabu hiyo, aeleze tena kwa nini kopo liko mezani.

Lakini kuna hasara kubwa kuliko hiyo ya mezani, na inampata mkulima. Wakulima wengi wa Kalehe wamezeeka wakilima kahawa bila kuionja iliyopikwa vizuri. Wanaijua kwa rangi ya tunda, kwa uzito wa gunia, kwa harufu ya maji ya kuoshea. Ladha yake hawaijui. Sasa mnunuzi anakuja, anaweka kijiko mdomoni, anavuta kwa sauti, anatema, anasema kahawa hii ina ladha ya kiazi, bei itashuka. Ladha ya kiazi ipo kweli: ni ugonjwa wa kahawa za Maziwa Makuu, unaofuatana na mdudu mdogo anayetoboa matunda, na mbegu chache tu zinatosha kuharibu birika lote. Ila mkulima atajuaje kama mnunuzi anasema kweli au anatafuta punguzo? Anakubali. Hana neno la kujibu kwa sababu hana ulimi uliozoea. Mtu hawezi kubishania ubora wa kitu ambacho hajawahi kukiweka mdomoni, na hilo limekuwa likiwagharimu watu wa huku tangu enzi za mashamba ya Wabelgiji.

Historia hiyo wazee wanaijua. Wazungu walileta mibuni na kuchukua ardhi. Mwaka 1973 Mobutu akawanyang'anya mashamba wageni na kuyagawia watu wake, na mengi yakageuka vichaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi bado ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakishikilia bei yakavunjika, bei ikaanguka, na kilichobaki kikamalizwa na vita vya 1996 na 1998. Katika miaka hiyo mkulima wa kando ya ziwa alikuwa na njia moja: kupakia gunia ndani ya mtumbwi usiku na kuvuka kwenda Rwanda. Wengi hawakurudi. Ziwa lilichukua baba za watu kwa ajili ya gunia la kahawa lililobadilishwa na chumvi, sabuni na nguo. Na kahawa iliyofika salama ilipoteza jina. Kahawa haina kadi ya uchaguzi. Ikivuka maji inakuwa ya yule aliyeipokea.

Wakulima wa upande wa Minova hawakukaa bure. Ushirika wa SOPACDI ulianza mwaka 2003, ukajenga sehemu za kuoshea, na kahawa ya Kivu ikaanza kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina lake yenyewe. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Leo mtu wa mbali anaweza kusoma jina la Kivu kwenye paketi aliyonunua kwa bei nzuri. Aliyelala Minova ndiye anayekosa.

Kuna watakaosema huu si wakati wa kuongea juu ya wageni na mapumziko, watu wakiwa bado wanalala kwenye maturubai. Wana haki nusu. Dunia ililijua jina la Minova kwa ubakaji wa Novemba 2012, si kwa kahawa wala kwa ufuko. Na lile ziwa linalopigwa picha jioni ndilo lililomeza abiria wa boti Merdi tarehe 3 Oktoba 2024. Boti ilitoka Minova imejaa kupita kiasi, kwa kuwa barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, ikazama karibu kabisa na Kituku, watu wa ufukoni wakiangalia. Makumi walikufa. Mgeni anayefurahia safari ya maji anapaswa kujua kwamba kwa wenyeji boti haikuwa matembezi, na mwenye boti anayepakia mpaka maji yaguse ukingo hafai kuchekewa hata siku moja, iwe siku ya sikukuu au ya soko.

Nusu nyingine ya hoja hiyo haisimami. Wageni hawasubiri amani kamili ndipo waje. Wafanyakazi wa mashirika wanapita, wafanyabiashara wanalala, ndugu walio ng'ambo wanarudi kwa harusi na misiba na kubaki siku tatu wakipumzisha akili. Pesa yao inaingia mjini hata sasa. Swali ni inatoka saa ngapi. Ikiwa inaingia jioni na kuondoka asubuhi ndani ya kopo, mkimbizi wa Bulenga ataendelea kuchambua kahawa kwa malipo ya siku huku mtoto wake akirudishwa shuleni kwa kukosa pesa.

Kundi la akina mama watano wenye chungu, kinu na mizani lingetosha kulisha kahawa nyumba zote za wageni za mjini. Watatu kati yao wangeweza kuwa wakimbizi, maana kazi hii haiulizi mtu ana shamba au hana. Haihitaji mradi, wala semina ya siku tatu yenye soda na picha za ukumbusho. Inahitaji mwenye nyumba wa kwanza kukubali kununua kilo mbili kwa wiki, na mgeni wa kwanza kusukuma kopo pembeni na kuuliza: kahawa ya hapa iko?

Mara ya kwanza pengine itakuwa chungu, imeungua upande mmoja. Mama wa karanga naye alianza hivyo. Mavuno makubwa ya Kalehe huanza kama mwezi wa Machi, na kahawa ya msimu uliopita bado iko ndani ya magunia ya watu.