Biharusi Hanenepeshwi Kama Mbuzi wa Idi



Mwezi huu nilikusudia kukuandikieni habari za lesi mpya na mikono ya nguo za kutokea ukumbini. Lesi zitangoja. Nina jambo limenikaa kooni tangu harusi ya mwisho niliyoshona, na nisipolitema litanipalia.

Alikuja kwangu binti wa miaka 22, wiki saba kabla ya nikahi. Nikampima: kifua inchi 33, kiuno 26, nyonga 36. Umbo zuri la kushonea, nguo yoyote ingemkaa. Mama yake akaniambia, "Muachie akiba kubwa kwenye mishono, huyu tunamnenepesha." Nikacheka, nikaacha akiba. Maneno hayo nimeyasikia mara ngapi sijui.

Wiki tano baadaye alirudi kujaribu. Kiuno 30, nyonga 37. Tumbo limetoka, mashavu yamejaa, mikono imekaza kwenye mishono. Hizo nyonga zilizonunuliwa dawa zimeongezeka inchi moja tu! Lakini si vipimo vilivyonishtua. Nilikuwa nimepiga magoti nabandika pini kwenye pindo, mara nikaona kichwa kinaanguka. Mtoto amelala amesimama. Mama mtu akasema, "Mwache, ndiyo dawa yake ya kula, inamlaza. Hata Alfajiri siku hizi haamki."

Nikauliza dawa gani. Nikatolewa kipakti cha plastiki, kile cha kutilia pete, ndani vidonge vyeupe. Hakina jina, hakina tarehe ya mwisho, hakina kipimo. Kauza mwanamke anayeuza vipodozi. Aliambiwa ameze kimoja kutwa mara tatu, na harusi ilipokaribia akajiongezea mwenyewe viwili viwili.

Siku tatu kabla ya nikahi alipelekwa hospitali. Hajakojoa tangu jana yake, tumbo limekuwa gumu kama ngoma, anazungumza maneno yasiyoungana. Akatiwa mpira wa mkojo. Daktari akauliza anatumia nini, watu wakatazamana. Ilibidi muuzaji apigiwe simu atume picha ya kopo ndipo ijulikane. Harusi ilifanyika, alhamdulillah. Nguo yangu ilisifiwa. Lakini mimi nilimwona pale jukwaani, macho hayamo, na sikufurahia hata sifa moja.

Sasa tuambizane ukweli kuhusu vidonge hivi.

Jina lake kwenye kopo ni cyproheptadine, tuiite siproheptadini. Ni dawa ya aleji, ndugu moja na zile dawa za zamani za mafua na vipele ambazo ukimeza unasinzia. Imekuwepo tangu miaka ya 1960 mwanzoni. Daktari humpa mtu anayewashwa mwili au mwenye mafua ya aleji, na mara nyengine humpa mgonjwa aliyekosa hamu ya kula kwa sababu anayoijua na anayoifuatilia. Ni dawa ya cheti cha daktari. Haikutengenezwa kwa ajili ya biharusi.

Inaleta njaa kwa sababu inaziba kemikali mbili mwilini, histamini na serotonini, na hiyo ya pili ni miongoni mwa zinazouambia ubongo kwamba umeshiba. Ukiziba sauti ya shibe, utakula. Lakini dawa hiyo hiyo inagusa na mengine: inakausha mdomo, inatia ukungu machoni, inafunga choo, inazuia mkojo, inapunguza jasho, inaendesha moyo mbio, inatia kizunguzungu na inalaza. Hivyo unaponunua njaa unauziwa na hayo yote kwa pamoja.

Fikirini hilo la jasho. Biharusi wetu amefungiwa ndani, amepakwa liwa na singo, kaskazi inachoma, feni haitoshi, na mwili wake umezuiwa kutoa jasho. Joto lake litapita wapi? Au fikirini dada anayepanda vespa asubuhi kwenda kazini akiwa nusu usingizini. Au mimi hapa kwenye cherehani, macho yana ukungu, sindano inakimbia karibu na kidole.

Na iko hatari ya ini. Si wengi wanaoipata, lakini wapo ambao ini lao limeharibika kwa dawa hii, macho yakawa manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Hujui kama wewe ni miongoni mwa hao wachache mpaka uwe tayari ni mmoja wao.

Hapo nazungumzia siproheptadini peke yake. Mara nyengine ndani ya hivyo vipakti huchanganywa na vidonge vyengine, deksamethasoni. Hiyo ni dawa ya nguvu ya kutuliza uvimbe, wanaijua wagonjwa wa pumu kali. Inajaza uso ukawa wa duara, inajaza maji na mafuta tumboni, na watu wanasema, "Mashaallah, kanawiri." Huko ndani inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza homoni yake mwenyewe, kisha ukiiacha ghafla unaweza kuanguka ukafa. Basi anayemeza vidonge asivyovijua asivitupe leo akanyamaza. Aende kwa daktari kesho na kipakti chake mkononi.

Nchi kubwa nazo zimepigwa na balaa hili. Iko syrup inayoitwa Apetamin, ndani yake ni siproheptadini na vitamini, inayouzwa mitandaoni kwa wasichana wanaotaka makalio. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetangaza wazi kwamba haijaidhinishwa huko na ikaonya watu wasiitumie. Uingereza nako haina leseni, na mwaka 2021 BBC ilitoa filamu kuhusu wasichana walioidhurika nayo. Kwa hiyo msije mkaambiwa, "Hii imetoka Ulaya, ni salama." Huko Ulaya wenyewe wanaikimbia.

Nayajua majibu mtakayonipa, maana mimi mwenyewe niliwahi kuyatumia.

Naam, niliyatumia. Kabla sijakunyoosheeni kidole, nikunje vyangu. Miaka michache nyuma kopo hilo lilikaa kwenye kaunta yangu, baina ya udi na mafuta ya nywele. Nilihesabu vidonge kwa mkono huu huu wa kushonea, nikivitia kwenye vipakti. Aliyeniletea aliniambia ni vitamini, na mimi sikusoma karatasi yake kwa sababu faida ilikuwa nzuri. Niliacha siku aliponijia mama anayenyonyesha, mteja wangu, akaniambia mtoto wake analala mchana kutwa na maziwa yanapungua. Usiku ule ndipo nilipoisoma karatasi. Imeandikwa waziwazi kwamba mama anayenyonyesha haruhusiwi. Nilimrudishia pesa zake. Usingizi wa mtoto wake sikuweza kumrudishia. Alikuja kuwa sawa, namshukuru Mola, lakini deni hilo bado nalihesabu.

Basi turudi kwenye majibu.

"Mbona mimi nilitumia na sikudhurika?" Na mimi nimevuka barabara bila kutazama nikafika salama. Simfundishi mwanangu avuke hivyo.

"Mbona madaktari wanaiandika?" Wanaiandika baada ya kuuliza umri wako, uzito wako, mimba, kunyonyesha, presha ya macho, vidonda vya tumbo, ini, na dawa nyengine unazotumia. Muuza vipodozi amekuuliza lipi katika hayo? Amekuuliza una shilingi ngapi.

"Lakini inanenepesha kweli." Kwa muda. Mimi nina daftari la vipimo, nalo halisemi uongo. Yule biharusi alirudi kwangu miezi mitatu baada ya harusi na furushi la madera na magauni ya kubana. Kiuno 27. Vidonge vimekwisha, njaa imekwisha, mwili umerudi kwao. Wengine wanaogopa kupungua mbele ya mume, wanaendelea kumeza kwa siri chumbani. Ndoa inaanza na kipakti kilichofichwa chini ya godoro. Kuna raha gani hapo?

"Waume zetu wanapenda wanene." Kama mume alikuja kukuposa na kiuno chako cha 26, alikiona. Alisema ndiyo. Na kama alikuwa hataki, aseme mapema kila mtu ashike njia yake. Lakini mara nyingi si mume. Ni sisi. Ni shangazi anayesema ukumbini, "Biharusi mwenyewe kama mti wa mwavuli." Ni wifi anayeuliza kama kwenu hamli. Ni sisi mafundi tunaosema, "Ungekuwa na mwili kidogo nguo hii ingekukaa." Maneno yetu ndiyo yanayompeleka binti kwa muuza vipakti, kisha akiugua tunasema ni hasadi, kapigwa jicho.

Kwa masomo, mabibi zetu mnaowaweka biharusi ndani: heshima yenu ni kubwa na kazi yenu naithamini. Zamani mlimlisha mwari. Boko boko, mayai, maziwa, karanga, ndizi, mbaazi za nazi, na usingizi wa kutosha. Alinawiri kwa chakula na kwa utulivu, na kama hakunenepa hakuna aliyemtia dawa. Rudini huko. Na mkiona binti anakonda bila sababu, msimfiche kwa vidonge. Huenda ana upungufu wa damu, minyoo, kifua kikuu, kisukari, homoni za shingo, au roho yake imebanwa na jambo kuhusu ndoa hiyo na hana wa kumwambia. Vidonge vitamfunika mgonjwa mashavu tu.

Kwa wauzaji wenzangu: tunavaa baibui, tunatoa sadaka Ijumaa, kisha tunamuuzia mtoto wa mwenzetu dawa tusiyoijua kwa jina tulilolizua. Kumuuzia mtu dawa ukamwambia ni vitamini ni ghushi, na ghushi tunajua hukumu yake. Pesa ile haina baraka. Mimi niliionja. Toeni makopo yale kaunta. Wakala wa Chakula na Dawa upo hapa Zanzibar kwa kazi hiyo, na anayeuziwa vidonge visivyo na jina ana haki ya kwenda kuripoti.

Na nyinyi mlioandikiwa dawa hii na daktari kwa ugonjwa wa kweli, msiogope wala msiitupe. Itumieni kama dawa:

Meza kile kilichoandikwa kwenye cheti, usijiongezee. Ukisahau kidonge usimeze viwili kwa pamoja.

Siku za mwanzo usiendeshe gari wala vespa, na usikae kwenye cherehani ya umeme wala jiko la mafuta yanayochemka mpaka ujue inakulaza kiasi gani.

Usiichanganye na dawa nyengine za kusinzia, za mafua, za kikohozi, za usingizi, wala na ulevi wa aina yoyote. Kama unatumia dawa za msongo wa mawazo, mwambie daktari kabla.

Mwambie kama una mimba, unanyonyesha, una presha ya macho, vidonda vya tumbo au shida ya mkojo.

Usimpe dada yako kidonge chako. Na syrup iweke juu, ifungiwe. Ni tamu, na mtoto akiinywa kwa wingi inaweza kumtia degedege na kumuua.

Ukiona macho manjano, mkojo mweusi, mkojo umeziba, moyo unakwenda mbio, au mtu anazungumza ovyo, ni hospitali saa ile ile, na kopo mlichukue. Aibu iacheni nyumbani. Daktari hawezi kutibu siri.

Mwanangu biharusi unayesoma hapa na kipakti kipo kwenye mkoba wako: mwili huo ni amana, na utaulizwa juu yake kabla hujaulizwa juu ya ukumbi. Njoo kwangu na kiuno chako ulichopewa na Mola wako. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kuifanya nguo ikufuate wewe, na mkasi ninao.

Na kuanzia Mfunguo Mosi huu, mama yeyote atakayeniambia "muachie akiba, tunamnenepesha", nitamuuliza kwanza: kwa chakula, au kwa vidonge? Kama ni vidonge, akatafute fundi mwengine. Sitakuwa na shida na hasara hiyo.

Wabillahi tawfiq.