Taarifa ya Kijiji si Hisani

Mwezi Julai nilikwenda nyumbani kijijini, katika nyanda za juu za Mkoa wa Njombe. Anayeijua Njombe anajua kwamba kipupwe cha huko si cha kufanyiwa mzaha. Asubuhi nilikuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi, watoto wanakwenda shule wamejifunga kanga za mama zao mabegani. Nilipita ofisi ya kijiji kumsalimu mtendaji, nikakuta mlango umefungwa. Ubaoni palikuwa na karatasi mbili tu: tangazo la mwaka uliopita la michango ya ujenzi wa darasa, wino wake umefifia kwa jua, na ratiba ya chanjo ya mbwa ambayo tarehe yake ilikwisha kupita.

Mchana niliongozana na baba mdogo kwenda kwenye vinyungu vyake. Kwa wasioijua kazi hiyo, vinyungu ni bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa sababu ardhi yake hutunza unyevu. Lakini bonde lenye neema ya maji lina ubaya wake: usiku hewa ya baridi ni nzito, hushuka kutoka vilimani na kutuama humo. Viazi vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Alisimama akivitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, baridi ya Julai tunaijua tangu tukiwa watoto. Tusilolijua ni mwaka upi itazidi. Tungeambiwa, ningechelewa kupanda, au ningetandaza nyasi."

Jambo hilo lilikuwa limesemwa. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, pamoja na ushauri kwa wakulima na wafugaji. Jioni nilimuuliza kiongozi mmoja wa kijiji kama taarifa ya mwaka huo iliwafikia. Alitoa simu, akanionyesha ujumbe katika kundi la WhatsApp la viongozi. Alikuwa nao tangu mwanzoni mwa Juni. Hakuwa ameuficha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuufikisha kwa wananchi ni sehemu ya kazi yake. Taarifa ilisafiri kutoka Dar es Salaam hadi kijijini, ikafia katika mfuko wa koti, hatua mia chache kutoka kwenye viazi vya baba mdogo.

Usiku ule nilikumbuka karatasi nyingine. Nilipokuwa masomoni kaskazini mwa Jimbo la New York, Marekani, nilipanga chumba katika kijiji kidogo kilicho jirani na chuo. Kule kijiji ni mamlaka kamili ya serikali za mitaa, chenye meya na baraza lake. Kila majira ya baridi yalipokaribia, tuliletewa karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili. Haikuwa na maneno makubwa. Ilisema magari yasiegeshwe barabarani usiku ili mashine za kuondoa theluji zipite. Ilisema nani ana wajibu wa kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake, na ikawaomba wakazi waondoe theluji kwenye mabomba ya zimamoto. Halafu, bila kubadili sauti, iliendelea: kijiji kimekusanya kiasi hiki, kimetumia kiasi hiki kwa chumvi ya barabarani, bomba la maji la mtaa fulani litakarabatiwa, na kikao cha wazi cha bajeti kitakuwa tarehe fulani.

Sisimulii haya ili kuwasifu Wamarekani. Nilihudhuria kikao kimoja cha baraza lile, nikakuta viti vingi havina watu. Kwetu watu hukaa chini ya mti saa tatu wakimsubiri kiongozi aliyechelewa, na bado wakapiga makofi akifika. Kwa moyo wa kukusanyika tunawazidi. Kilichonigusa katika karatasi ile ni kwamba serikali ya kijiji ilijiona ina deni la kueleza, na ililipa deni hilo bila kuombwa, hata kwa mwanafunzi mgeni asiyekuwa na kura.

Je, sisi hatuna msingi wa deni hilo? Tunao, tena wa kisheria. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na marekebisho ya mwaka 1984 yakaziingiza katika Katiba. Ibara ya 146 inasema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Chini ya Sheria Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, ndicho chombo cha juu kabisa cha maamuzi ya kijiji, na unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya masuala muhimu kwa jamii. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa.

Kwa mujibu wa maandishi, basi, mwanakijiji wa Tanzania ni mtu mkubwa. Mwenyekiti na halmashauri ya kijiji wanapata uhalali wao kwake. Ardhi ya kijiji haigawiwi bila ridhaa ya mkutano mkuu, kama inavyoelekeza Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Lakini mkubwa asiyeambiwa kitu anakuwa mkubwa jina. Huwezi kuridhia usichokijua, wala kuhoji matumizi ya fedha ambazo hukusomewa.

Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. Katika vijiji vingi nilivyopita, limebaki na jambo moja tu, nalo ni michango. Likilia, watu hupapasa mifuko. Mama mmoja mjane, jirani yetu, alinieleza kwamba ametoa mchango wa darasa mara mbili. Kuta zimesimama, paa halijaezekwa. Katika mkutano alinyoosha mkono akauliza kiasi gani kilikusanywa na kiasi gani kimebaki. Alijibiwa, "Mama, usituletee siasa hapa." Watu wakacheka, naye akaketi. Tangu siku hiyo haendi mikutanoni. Mwakani kiongozi yuleyule atalalamika kwamba wananchi hawana mwamko.

Nimesikia hoja tatu za kutetea ukimya huu, na kila moja inastahili jibu.

Ya kwanza husema wananchi hawaelewi hesabu. Mjane yule ni mweka hazina wa kikundi cha vicoba. Kila wiki anahesabu hisa, mikopo na faini za wenzake ishirini na kitu, na hakuna shilingi inayopotea. Anayeweza kusoma daftari la kikundi anaweza kusoma mapato na matumizi ya kijiji.

Ya pili husema hakuna fedha wala vifaa. Hapa nawaelewa watendaji. Mtendaji wa kijiji mara nyingi ni mtu mmoja anayefanya kazi za watu wanne, hana kompyuta, hana usafiri, karamu na karatasi ananunua kwa fedha zake. Mwenyekiti aliyechaguliwa hana mshahara. Halmashauri ya wilaya inayotaka taarifa ziwafikie wananchi lazima itenge fungu la karatasi na uchapaji, hata kama ni dogo. Lakini ubao, chaki na sauti ya binadamu vipo tayari.

Ya tatu haisemwi hadharani, nayo ni hofu. Anayetoa taarifa hujifungulia maswali. Kwangu hiyo ni sababu ya kutoa taarifa, kwa kuwa pasipo maswali uvumi hushika nafasi. Nimeona viongozi waadilifu wakiitwa wezi kwa sababu tu hawakubandika risiti walizokuwa nazo.

Napendekeza jambo dogo. Kila kijiji kiwe na waraka wa ukurasa mmoja mara nne kwa mwaka, unaotangulia mkutano mkuu. Uwe na mambo matano: tulichokusanya, tulichotumia, tunachokusudia kufanya, tahadhari za msimu, na tarehe ya mkutano. Ubandikwe ofisini, shuleni, zahanatini na kwenye mashine ya kusaga. Usomwe msikitini na kanisani baada ya ibada, kwa maana wapo wasiojua kusoma na wapo wasioona vizuri.

Waraka wa Julai katika kijiji chetu ungesomeka hivi: mwaka mpya wa fedha umeanza tarehe 1, na hizi ndizo hesabu za mwaka uliokwisha Juni 30. Darasa limebakiza mabati kadhaa. Wakulima wahakiki majina yao katika daftari la mbolea ya ruzuku. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vijue utaratibu wa kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Jalidi inatarajiwa, mabondeni msiwahi kupanda. Msiwashe moto wa kusafisha mashamba jirani na misitu ya miti. Na msilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, kwani hewa yake huua bila harufu. Sentensi hiyo ya mwisho peke yake inatosha kuokoa familia nzima, na gharama yake ni chaki.

Kwenu wanafunzi wangu: mnaporudi nyumbani likizo, nendeni ofisi ya kijiji mkajitolee kuandika waraka huo pamoja na mtendaji. Mtajifunza utawala kuliko katika mihadhara yangu. Kwenu wanaharakati: semina za hotelini kuhusu uwazi zina faida yake, lakini ubao wa kijiji kimoja uliojaa taarifa za kweli una faida zaidi. Na kwenu watumishi wa umma mnaosoma hapa: kila tangazo linaloingia katika simu yako kwa ajili ya wananchi ni amana. Kabla hujaenda kulala, jiulize limemfikia nani.

Baba mdogo amepanda tena. Alinunua mbegu kwa mkopo. Nilipoagana naye aliniomba jambo moja, kwamba mwakani nikisikia habari za baridi huko mjini nimpigie simu. Nilimkubalia, lakini njiani sikuwa na raha. Kijiji chenye serikali, mwenyekiti, mtendaji na ubao hakipaswi kumtegemea mtoto wa ndugu aliyeko mbali ili kujua kama usiku utakuwa na jalidi.