Boti Mpya Isipokelewe kwa Kung'aa Kwake

Hapana mkaazi wa visiwa hivi, wa shamba au wa mjini, asiyejua kuwa chombo kwa mvuvi ni kama jembe kwa mkulima. Tofauti iliyopo ni moja: jembe likivunjika, mkulima hurejea nyumbani kwa miguu yake, chombo kikivunjika, mvuvi huwa hana pa kukanyaga. Kwa sababu hiyo, suala la ubora wa chombo si la mwenye mali peke yake. Ni suala la familia yake, la mabaharia wake, la aliyemkopesha fedha na la Serikali iliyomtia moyo aende bahari kuu.

Tangu ilipoundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, wavuvi wetu wamehimizwa watoke kwenye mitumbwi na ngalawa za mwambani wapande vyombo vyenye uwezo wa kwenda mbali. Boti za faiba zimezoeleka katika madiko yetu. Sasa wapo wenye fedha, na vikundi vya ushirika pia, wanaoitupia macho boti ya aluminiamu. Na mtu anapoipata, mara huanza kuingiwa na wasiwasi. Huona vidoti vyeupe chini ya mstari wa maji. Huona bati likibonyea wimbi linapolipiga. Huona mshono wa kuchomelea wenye matundu kama ya sindano. Akiuliza, huambiwa na muuzaji kwamba aluminiamu haishiki kutu, basi asijitie hofu.

Sisi twasema kuwa hofu ya mnunuzi huyo ni ya haki, wala si kukosa shukurani. Lakini hofu isiyo na elimu haimfai kitu. Yapasa ajue kipi ni cha kutia shaka na kipi ni hali ya kawaida.

Madini haya hayakuanza jana kutumika baharini. Njia ya kuyazalisha kwa wingi kwa nguvu za umeme iligunduliwa mwaka 1886, na Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake. Leo hii boti za kasi zinazotuvusha baina ya Unguja na Dar es Salaam zimeundwa kwa aluminiamu. Kule Bristol Bay, Alaska, ambako sheria hairuhusu boti ya kuvulia samoni kwa nyavu kuzidi futi 32, wavuvi wengi hutumia aluminiamu katika bahari ya baridi na ghadhabu. Kwa hiyo anayesema kuwa aluminiamu haifai baharini hasemi kweli. Na anayesema kuwa kila aluminiamu yafaa baharini, huyo naye hasemi kweli.

Ukweli ni kwamba aluminiamu tupu ni laini. Ili ipate nguvu huchanganywa na madini mengine, na hapo ndipo aina hutengana. Zile zilizochanganywa na magnesiamu, ambazo namba zake huanza na 5, kama vile 5083 na 5086, ndizo zinazostahimili maji ya chumvi. Zenye namba zinazoanza na 6, kama 6061 na 6082, hutumika zaidi kwa mataruma na nguzo. Lakini zipo zilizotiwa shaba, ambazo namba zake huanza na 2; hizo zina nguvu na zimetumika sana katika ndege, ila chumvi huzila upesi. Kwa jicho zote ni nyeupe, zote zang'aa. Mnunuzi hawezi kuzitambua kwa kuzitazama, wala kwa kuzigonga kwa kidole. Kitu cha kuzitambulisha ni hati ya kiwanda kilichotengeneza bati, inayotaja namba ya mchanganyiko na namba ya bati lenyewe. Muuzaji asiyekuwa na hati hiyo anauza maneno.

La pili ni unene. Boti ya kazi ya mita 6 hadi 8, itakayoburutwa mchangani na kugonga mwamba maji yanapokupwa, kwa kawaida huhitaji bati la milimita 4 au zaidi chini ya tumbo. Zile nyepesi za milimita 2 au pungufu ziliundwa kwa ajili ya maziwa na mito iliyotulia. Hapa ndipo penye mwanya wa udanganyifu, kwa sababu unene hauonekani baada ya boti kufungwa. Lakini hesabu yake ni nyepesi. Bati la aluminiamu la mita moja ya mraba, lenye unene wa milimita 1, lina uzito wa kilo 2.7. Boti iliyotumia mita za mraba 20 za bati la milimita 4 itakuwa na kilo 216 za bati. Ikiwa mjenzi ametumia milimita 3, zitakuwa kilo 162. Mnunuzi atakuwa ameibiwa kilo 54, na zaidi ya hapo atakuwa ameibiwa uimara. Maana bati likipunguzwa kutoka milimita 4 hadi 3, uwezo wake wa kukataa kupinda hushuka kwa zaidi ya nusu. Huko kubonyea anakokuona mwenye boti wimbi linapopiga kwaweza kuwa dalili ya wizi huo, au ya mataruma kuachana mno. Bati likichezacheza kila siku, mwishowe hupasuka penye ncha za mataruma.

La tatu ni kuchomelea. Aluminiamu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660, lakini utando mwembamba unaoifunika hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Fundi asiyeusugua utando huo kwa brashi safi, asiyetumia gesi ya argoni kuukinga mshono na hewa, au anayechomelea bati lenye unyevu, ataacha vitundu ndani ya mshono hata kama juu panapendeza. Tusidanganyane: fundi hodari wa mageti na madirisha ya chuma si lazima awe fundi wa aluminiamu. Hata hivyo, hapana haja ya chombo cha gharama ili kugundua mshono unaovuja. Paka maji ya chokaa upande wa nje wa mshono, yaache yakauke, kisha paka mafuta ya taa kwa ndani. Mafuta yakipenya, doa litajitokeza kwenye weupe wa chokaa. Baada ya hapo ioshe chokaa hiyo yote kwa maji baridi, usiiache.

Twasisitiza jambo hilo la chokaa kwa sababu linagusa mila yetu. Wazee wetu walizipaka mashua na majahazi deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na mbao ziliishi miaka mingi. Elimu hiyo ni ya thamani kwa mbao. Ila kwa aluminiamu chokaa ni adui. Huuvunja ule utando unaoikinga. Kadhalika majivu na saruji. Kila mama anayepika anajua sufuria hufanyaje ikisuguliwa kwa majivu makali kila siku, au ikilazwa na mchuzi wa chumvi mpaka asubuhi: huota vidoti. Boti ni sufuria iliyolazwa baharini mwaka mzima.

Tukifika kwenye vidoti hivyo, yapasa tutofautishe. Aluminiamu kupoteza mng'aro na kuwa ya kijivu ni kawaida, wala si ugonjwa. Ndio utando wake wa kujikinga. Unga mweupe kidogo unaofutika na kuacha bati sawa si jambo la kushtusha. Lakini unga ukifutwa na chini yake pakaonekana shimo lenye kina, hasa karibu na msumari, parafujo au waya, hapo ipo kazi. Chanzo kikubwa ni madini mawili kukutana katika maji ya chumvi. Shaba ikigusana na aluminiamu humo, aluminiamu ndiyo huliwa. Kwa hiyo rangi ya kuzuia majani na makome yenye shaba, ambayo ni ya kawaida kwa boti za mbao na faiba, isipakwe kabisa kwenye boti hii. Parafujo za chuma kisichoshika kutu zitengwe na bati kwa plastiki au mpira. Vipande vya waya, sarafu, na hata risasi za nyavu visiachwe katika maji ya ngama. Waya za betri zisitumie mwili wa boti kama njia ya kurejeshea umeme. Na vile vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya maji ili viliwe badala ya boti visipakwe rangi, kwani vikipakwa havifanyi kazi. Na vikibaki nusu vibadilishwe.

Mambo haya si siri ya wazungu. Yaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, na kila boti ikakabidhiwa pamoja na karatasi yake. Tunauliza: kwa nini mvuvi akabidhiwe funguo za mashine, apigwe picha, apigiwe makofi, kisha aachwe ajifunze kwa hasara kwamba rangi aliyoipaka ndiyo iliyokitoboa chombo chake?

Hapa tunawageukia viongozi na watendaji. Boti inaponunuliwa kwa fedha za umma au kwa mkopo unaodhaminiwa na umma, mvuvi hakukaa kwenye meza ya zabuni. Hakuchagua bati wala fundi. Aliyechagua ni mtendaji. Basi si haki kwamba hitilafu ikionekana mwezi wa tatu, deni linabaki kwa mvuvi na mtendaji hana la kujibu. Zabuni inayosema "boti ya aluminiamu, mita 7" na kuishia hapo imemfungulia mlango mjenzi aweke bati lolote. Zabuni iliyo kamili hutaja namba ya mchanganyiko, unene wa tumbo na wa ubavu, umbali baina ya taruma na taruma, aina ya mishono, na muda wa dhamana. Aidha, mkaguzi aende kiwandani kabla ya boti kufungwa, kwa sababu mengi ya kuonwa hufunikwa baadaye. Bei ya chini kuliko zote si ushindi ikiwa imepatikana kwa kupunguza milimita.

Vyombo vya kusimamia jambo hili tunavyo. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ipo. Taasisi ya Viwango Zanzibar ipo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume na vyuo vya mafunzo ya amali vipo, na vijana wetu hawakosi akili ya kujifunza kuchomelea kwa argoni. Tuliyoyapata Septemba 2011 kwa MV Spice Islander, na Julai 2012 kwa MV Skagit, yalikuwa ya vyombo vikubwa na yalikuwa na sababu zake. Lakini yalitufunza sote kwamba cheti ni karatasi tu iwapo nyuma yake hapana mtu aliyekishuka chombo mpaka ngamani akakitazama. Somo hilo haliwahusu abiria wa meli peke yao. Mvuvi wa Kojani, wa Nungwi au wa Kizimkazi, akiwa na wenzake watano usiku juu ya maji, ana haki hiyo hiyo ya kukaguliwa chombo chake.

Wapo watakaosema kuwa tunawatisha watu wasipokee maendeleo. Hatuna nia hiyo. Aluminiamu ni nyepesi, hupunguza mafuta yanayochomwa, haioti wadudu watoboao mbao, na ikitunzwa huishi miaka mingi. Lakini boti ya faiba ikitoboka, fundi yupo jirani. Ya aluminiamu ikipasuka Pemba na fundi hayupo, itabaki mchangani huku deni likiendelea kuhesabiwa. Kwa hivyo rai yetu ni kwamba mafundi watangulie, boti zifuate. Vikundi visigawiwe vyombo hivi kwa wingi kabla ya kila kisiwa kuwa na angalau karakana moja yenye vifaa na watu waliofuzu.

Kwa mvuvi ambaye tayari anayo, ushauri wetu ni mfupi. Adai hati ya bati. Apime unene, au aombe upimwe. Ajaribu mishono kwa mafuta ya taa. Aandike tarehe na kina cha kila shimo analoliona, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Akikuta kasoro, apeleke malalamiko yake kwa maandishi dhamana ingali hai, na asikubali kufukuzwa kwa maneno matamu. Na mtendaji atakayeyapokea malalamiko hayo asimwone mtu huyo kuwa msumbufu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini, ndugu zetu, hapana mahali pa kujengea ukuta.