Mtoto wa Seli Mundu Ajiunge Lini?

Neno linalonichosha katika mjadala wetu wa bima ya afya ni "kabla". Jiungeni kabla hamjaugua, tunaambiwa. Fomu za kampuni binafsi za bima nazo huuliza maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Mwenye kisukari au shinikizo la damu akijibu kwa uaminifu, huenda akapandishiwa mchango, au ugonjwa wake ukaondolewa katika huduma zinazolipiwa, au akapewa muda wa kusubiri, kana kwamba figo nazo husubiri.

Nauliza: mtoto mwenye seli mundu, "kabla" yake ni ipi? Huzaliwa nayo. Hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini Tanzania kila mwaka. Dalili huanza kujitokeza miezi michache tu baada ya kuzaliwa, na tangu hapo mtoto huhitaji kliniki, vipimo vya damu, dawa za kila siku, na pengine kuongezewa damu. Haipo siku ambayo mzazi wake angeweza kufika dirishani akiwa na mtoto mzima.

Ndiyo maana suala la Toto Afya Kadi bado linanikera. Kwa Sh 50,400 kwa mwaka, mzazi asiye na ajira rasmi aliweza kumkatia mwanawe bima. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, na wazazi wakaelekezwa wapitie shuleni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa, na michango haikutosha kuwatibu. Hesabu hiyo siipingi. Bima ya hiari, popote ilipo, huwavuta kwanza wenye maumivu. Mwenye afya huahirisha. Kadi huweza kusitishwa, kurejeshwa na kubadilishwa bei. Ninachokipinga ni fikra iliyoongoza uamuzi ule. Kasoro ilikuwa katika hiari yenyewe, lakini aliyeadhibiwa ni mtoto. Tena huyo wa miezi minane angesajiliwa katika shule gani?

Ndugu zangu watumishi wa umma, itazameni kadi yenu. Mshahara hukatwa asilimia 3, mwajiri huongeza 3, na kadi humhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Hakuna anayewauliza kama mama mzazi ana kisukari. Si kwa ukarimu wa mtu yeyote. Ni kwa sababu hamkupewa hiari. Kijana wa masjala ambaye hajaugua hata mafua humchangia mkuu wa idara mwenye maradhi ya moyo, na kesho atachangiwa yeye. Sisi (mhadhiri wa chuo cha umma naye yumo) tumeipata haki hii kwa kulazimishwa, kisha tunamlaumu mama lishe kwamba amekuja akiwa mgonjwa!

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imetambua jambo hilo: inataka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Hapo ndipo penye vita halisi. Lazima isiyo na ruzuku ni kodi ya kichwa iliyovaa koti jeupe la daktari. Na "asiye na uwezo" ni nani? Mama lishe mwenye sufuria zake na benchi mbili huenda asihesabiwe fukara, ilhali kulazwa kwa mwanawe mara moja tu kunameza mtaji wote, na mwezi ujao mtoto atalazwa tena. Ufukara wake unatokana na ugonjwa wenyewe. Mtendaji wa mtaa akimpima kwa benchi zake, atamwacha nje.

Wanafunzi wangu mnaoandaa makongamano, na ninyi wanaharakati, bajeti ijayo itakaposomwa ulizeni haya mawili: mfuko huo umetengewa shilingi ngapi, na je, wenye maradhi ya kudumu wamo miongoni mwa wanaolipiwa?