Spea ya mkonga isajiliwe kama straika

TIMU ya mkoani ikikwama porini na Land Cruiser chakavu, mpinzani anakula pointi tatu za mezani. Lawama zote anatupiwa dereva, kumbe mechi ilipotezwa siku ya kununua spea.

Dar es Salaam spea zipo Kariakoo na Gerezani, jirani na Msimbazi na Jangwani, mitaa ambayo shabiki wa Simba au Yanga haelekezwi. Arusha nako zimejaa, maana magari ya watalii mengi ni Land Cruiser na Land Rover.

Shida si duka. Shida ni kumtuma kijana na jina la gari tu. Land Cruiser 70, zile za mkonga, zinatengenezwa tangu 1984 na zimefungwa injini tofauti tofauti. Spea ya hii haikai kwenye ile. Aende na namba ya chesesi, aina ya injini na kile kifaa kilichokufa, vilinganishwe palepale kaunta.

Klachi, beringi na brekipedi zinunuliwe mpya. Difu na gia boksi, bora mtumba orijino kuliko mpya feki inayong'aa. Muuzaji asiyetaka kutoa risiti aachwe na mzigo wake.

Viongozi wanajua straika hasajiliwi kwa video. Basi na brekipedi isinunuliwe kwa uzuri wa boksi. Straika feki anakosa penalti. Breki feki inaondoka na kikosi kizima.